Maneno Niliyomtilia Bibi Mikono Mdomoni

Kindu, Kasuku, jioni ya kuamkia safari yako

Salima mwanangu,

Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili, nakusikia unavyogombana na zipu ya sanduku, na nikikohoa utauliza kama nimekunywa dawa. Lakini kuna maneno ambayo yakipita mdomoni mwangu hunigeuka, kwa hiyo haya nimeyapitisha kwenye kalamu. Mambo ya sweta, ya pasipoti kuilalia, ya samaki mkavu niliyekufungia kwa karatasi tatu, nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nimesikia!" Hayamo humu.

Humu mna jambo moja. Unakwenda Guangzhou kusomea kazi ya kufasiri, uwasemee wafanyabiashara wetu mbele ya Wachina, na Wachina mbele ya watu wetu. Siku ulipopata barua ya shule majirani walipiga vigelegele, mimi nikaingia jikoni nikakaa. Ulidhani ni uchungu wa kuachwa. Uchungu ulikuwapo, sikatai. Lakini kilichoniketisha ni woga, kwa sababu niliwahi kuifanya kazi inayofanana na hiyo, na mtu alikufa.

Unakumbuka ile alasiri ya mwezi uliopita, uliponiletea simu yako? Ulikuwa barazani, unacheka peke yako, ukaniita: "Mama, kuya uone! Ule Muchina wako wa zamani, wa kule video kwa Mzee Sefu, njo huyu!" Nilikuwa nimekuhadithia juu yake nusunusu tangu ukiwa mdogo, nawe ulimtafuta mpaka ukampata. Nikaja na mikono ya unga. Alikuwa ni yeye kweli: uso mweupe wa poda, nyusi zimepandishwa, mikono ya nguo mirefu inayoburura chini. Ukanisomea kwanza habari za maisha yake, kisha ukaiwasha picha, ukawa unasoma maandishi ya Kichina yanayopita chini na kuyageuza Kiswahili. Ilipofika pale mtoni nikaondoka mbio. Nilikuambia ni homa. Haikuwa homa.

Wewe ulizaliwa vita vikiwa vimeuzingira mji huu. Treni ilikuwa imekatika, mashua hazipandi wala hazishuki, na aliyejaribu kwenda shamba upande wa msituni alirudi mbio au hakurudi. Mzee Sefu alikuwa na nyumba ya video hapa Kasuku: chumba cha matofali, televisheni moja, na jenereta ambayo sisi tuliita grupu. Askari walipopita kupora walichukua kaseti zote za ngumi na bunduki. Walimwachia moja, kwa kuwa hawakuona ndani yake mtu hata mmoja anayepigwa. Ilikuwa picha ya Kichina, ya kuimba, na ndiyo tuliyoitazama kwa miezi.

Kaseti moja, kila siku, watu walewale. Ungedhani wangechoka. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia wasichoke. Nilikaa pembeni mwa televisheni na mikrofoni iliyofungwa kwa mpira, sauti ya picha tumeipunguza, na kila yule bibi alipofungua mdomo, mimi nilisema. Kichina sikukijua hata cha kuombea maji. Nilitunga. Asubuhi nikitwanga nilipanga maneno: leo amekimbiwa na mume, kesho ameibiwa mbuzi, keshokutwa anamsuta wifi. Picha ileile, hadithi mpya. Watu walimwita Bibi Mikono kwa ajili ya ile mikono ya nguo, nao walileta kikombe cha mchele au kijiko cha chumvi ili waje kusikia leo ana nini. Tulionyesha alasiri, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, maana jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje.

Nilikuwa hodari, mwanangu. Niache nijisifu kidogo kabla sijajiumbua. Kulikuwa na askari mmoja mwenye tabia ya kupiga wanawake kwenye foleni ya kisimani. Siku moja akaingia, akakaa mbele, bunduki magotini. Bibi Mikono alipogeuka na kunyoosha kidole, nikamsemesha: "Weye mwenye kofia, mama yako anajua unafanya nini kule kisimani?" Yule kijana akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Hatukumwona tena kisimani. Tangu siku hiyo watu wakawa wananitazama vingine, nami nikapenda kutazamwa hivyo. Ukiniuliza kosa langu lilianza lini, nitakuambia ni siku ya kofia. Niliona kwamba watu wanaamini, nikawaacha waamini.

Taratibu ikawa hawaji kutazama, wanakuja kuuliza. Walijua ni mimi ninayesema. Walikuwa wananiona, tunagombania mihogo pamoja sokoni. Hata hivyo mwanamke angenishika mkono mlangoni: "Dada Mwamini, umuulize Bibi Mikono kama mutoto wangu iko Punia ao hapana." Nami ningemjibu katikati ya picha, kwa mafumbo, neno la kumpoza apate usingizi. Kisha wakaanza kuacha nafasi. Kwenye mkeka wa mbele, karibu kabisa na televisheni, hakuna aliyekaa, na hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Mmoja alimwachia nafasi mumewe aliyepotea, mwingine kaka yake, mpaka mkeka wote ukawa wazi na sisi wazima tumebanana nyuma. Mwanga wa televisheni ulicheza juu ya mkeka mtupu. Nilikuwa naona haya kuutazama, kama unavyoona haya kumkodolea macho mgeni anapokula.

Baba yako Asumani alikuwa akikaa nyuma ya mkeka huo. Alikuwa fundi cherehani, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akijigonga mlangoni. Mama yako mzazi, Zaina, alikuwa amevuka mto kwenda Alunguli kuchukua mihogo kwa shangazi yake, safari ya asubuhi moja tu, wewe ukiwa hujaanza kutambaa. Mto ukafungwa nyuma yake. Tuliona moshi wa majiko yao kutoka huku, na mtumbwi uliojaribu kuvuka ulipigwa risasi. Asumani alikuja kila siku na wewe kifuani. Ukilia alikuleta kwangu, kwa sababu kwangu ulinyamaza. Nilikuwa nasema maneno ya Bibi Mikono huku nimekupakata, na wewe unaitazama midomo yangu.

Kwamba sikukuzaa unajua, sijakuficha. Nilichokuambia ni kwamba baba yako alipigwa risasi akivuka kumfuata mama yako. Hakukuwa na risasi, Salima.

Ilikuwa Shaabani, kiangazi, mto umepungua mpaka mchanga umejitokeza katikati. Asumani alinisimamisha mlangoni. Amekonda, fundi mzima shati lake halina vifungo.

"Dada," akasema, "leo umuulize moja tu. Zaina iko? Kama iko, mimi naenda. Kama hapana, nakaa na mutoto. Sitauliza tena."

"Nitamuuliza," nikasema.

Ningeweza kumwambia sijui. Hebu litamke neno hilo uone lilivyo fupi, halina gharama, hata mtoto analiweza. Mimi lilinishinda, kwa kuwa nilikwisha kuwa mtu wa kuulizwa.

Asubuhi ile nilikuwa nimepanga kumjibu hivi: "Subiri, fundi, uzi haukatiki kwa kungoja." Neno la kupoza kama mengine. Picha ikaenda mpaka pale mtoni, Bibi Mikono amesimama ndani ya ukungu, ameinua mkono, na nguo yake inaning'inia hadi kwenye maji. Nikafungua mdomo kusema la uzi. Likatoka jingine.

"Vuka. Maji ni haba. Nakungojea."

Kila siku maneno yangu yalizidi au yalipungua. Bibi Mikono amekwisha kufumba mdomo mimi bado nasema, na watu wanacheka. Siku ile tulianza pamoja tukamaliza pamoja. Sauti yenyewe sikuitambua, ilikuwa nzito kuliko yangu. Wewe uliyekuwa umelala mapajani mwangu ukaamka, ukageuza kichwa, ukamtazama yeye kwenye kioo badala ya kunitazama mimi. Mzee Sefu akazima grupu kabla picha haijaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia pembeni, "Mwamini, leo si weye njo ulisema."

Asumani akaja anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka vile. "Unishikilie mutoto, dada. Nakuya naye sasa hivi."

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walimwona akiingia majini, viatu amevibeba kichwani, jua bado liko juu. Walimpigia kelele arudi. Wanasema hakugeuka. Alikuwa anazungumza na mtu wa mbele yake, na mbele yake hapakuwa na mtu. Bunduki za ng'ambo hazikulia hata moja. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, akapanda kwenye mchanga wa katikati, akasimama, akafuta uso, akaendelea. Baada ya mchanga waliona viatu tu juu ya maji, vinakwenda mbele. Halafu waliona viatu vimeanza kufuata mkondo.

Kesho yake chumba kilijaa kuliko siku zote. Nilikuja na wewe mgongoni, sikuwa na pa kukuacha, na nilikuwa nimeapa kwamba pale mtoni sitasema kitu. Bibi Mikono akafungua mdomo, mimi nikafumba wangu. Nyuma yangu, gizani, chumba kizima, kwa sauti ya chini kama watu wanaoitikia dua, wakasema: "Vuka. Maji ni haba. Nakungojea." Nikaweka mikrofoni chini nikatoka nje. Sijaishika tena mpaka leo.

Njia zilipofunguka, shangazi ya mama yako alivuka kuja kukutafuta. Ndiye aliyetuambia kwamba Zaina alikufa kwa homa, na akazikwa Rajabu. Baba yako aliingia majini Shaabani. Yule aliyesemwa kuwa anamngojea alikuwa chini ya udongo mwezi mzima. Shangazi alikutazama ulivyoning'ang'ania shingoni, akasema, "Huyu amekwisha kuwa wako," akarudi kwake.

Ndiyo maana sipeleki salamu za watu. Ulikuwa ukinicheka: mtu akisema, "Unisalimie fulani," mimi namjibu, "Nenda mwenyewe ukamwambie." Majirani wanasema nina kiburi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi akaanguka mwingine. Hata hivyo kwa miaka yote nilikuwa na pa kujifichia. Nilijiambia ni bahati mbaya tu, ulimi hauna mfupa, maneno yalitoka kama yalivyotoka maneno ya mbuzi na ya mawifi.

Sasa rudi kwenye ile alasiri ya simu. Mwanzoni nilikuwa nafurahi, uliona. Mimi nilikuwa nimemtungia yule bibi maisha yake: binti wa tajiri, waume watatu, wote amewazika. Kumbe baba yake alikuwa mpiga ngoma wa kundi la waimbaji. Mwenyewe alikabidhiwa kwa mwalimu akiwa na miaka saba, akasimamishwa kwa mguu mmoja na bakuli la maji kichwani mpaka shingo ikazoea. Sauti yake ilikuwa nzito, kwa hiyo wakampa nafasi za vijana wa kiume kwa miaka mingi kabla ya kumruhusu awe mwanamke jukwaani. Vita vilipoingia kwao alitembea na kundi kijiji hadi kijiji, wakiimba walipwe kikombe cha mchele. Hapo nilicheka kwa sauti. Kikombe cha mchele, kama sisi! Kisha ukasema kwamba kwao, ukifika mwezi wa kuwakumbuka waliokufa, huimba kwenye majukwaa ya mianzi na viti vya mbele kabisa huachwa vitupu.

"Vya nani?" nikauliza.

"Vya wafu, mama. Wao njo wanakaaka pale."

Nikaacha kucheka. Wewe hukuona, ulikuwa unasoma. Ukasema aliingia kwenye sinema, akacheza picha nyingi hadi mwenyewe hazikumbuki zote, uso wake ukabandikwa kwenye makopo ya poda. Ukasema kila alipoigiza mtu aliyekufa alitoka jukwaani akaenda kuosha uso, na mpaka amalize kuosha hakusema na mtu. Uzeeni sauti ilimtoroka, akaacha kuimba, akafa kitandani kwake. Nilikuuliza mwaka, ukautaja. Nikahesabu kwa vidole ndani ya kitenge. Alikwisha kufa kabla kaseti yake haijafika Kindu. Miezi ile yote nilikuwa namsemea marehemu.

Halafu picha ikafika mtoni, nawe ukaweka kidole chini ya maandishi. "Hapa, mama, anaita bwana yake. Anasema: vuka, maji ni kidogo, niko nakungoja. Lakini bwana yake hajue kama bibi alikufaka zamani. Ule ni muzimu, mama. Njo inamwita."

Hapo ndipo nilipokimbilia nyuma ya nyumba. Naapa kwa Mola wangu, Salima, Kichina sikukijua. Picha ile niliizungusha miezi, nikaifanya ya kila namna. Siku moja tu nilifasiri sawasawa, neno kwa neno, na ndiyo siku iliyokuacha yatima.

Sikuandikii ili uogope kazi yako. Wala usiende kumtafutia yule bibi kaburi huko kwao, tafadhali, nakujua ulivyo. Ninachokijua ni kidogo. Watu watakuamini kwa sababu tu wewe ndiye unayesikia pande zote mbili, na hapo ndipo watakapokuomba uwaongezee neno la kuwapoza. Utawahurumia. Mimi niliwahurumia sana, huruma yangu ilikuwa tamu kwangu mwenyewe. Ukikwama, sema umekwama. Na ukitoka kazini umechoka na midomo ya watu, kaa kimya kwanza, usijilazimishe kunipigia simu. Nitangoja.

Limebaki moja, nami nimeinuka mara mbili nikaenda kunywa maji kabla ya kuliandika. Baba yako alisema kama Zaina yuko hai anakwenda, na kama hayuko anakaa na mtoto. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mume ameniacha kwa kuwa sikuzaa. Kila alasiri nilikupakata mpaka picha iishe, kisha nikakurudisha. Kukurudisha kulikuwa kunaniumiza kila siku zaidi. Kuna siku nilirefusha maneno ya Bibi Mikono hata picha ilipokwisha, nikawa nasema mbele ya kioo cheusi, ili Asumani asinyanyuke kukuchukua.

Basi maneno yale ya mtoni yalitoka kwa nani? Wengine walisema ni Zaina. Wengine walisema ni yule Mchina. Nimewaacha waseme, ilinifaa. Lakini zipo asubuhi, tangu ukiwa mdogo, nilipokuja kukuamsha nikakukuta umelala na kiganja wazi, nikasikia jibu la tatu: kwamba ni Mwamini, mwanamke aliyetaka mtoto, naye alijua vizuri ni jibu gani litakalomwachia mtoto mikononi. Sijui. Ningejua ningekuambia, hata kama ndilo hilo. Mzimu wa mtoni haunitishi kama jibu hili linavyonitisha.

Nimekupenda. Nilikupenda kabla ya siku ile na baada yake, na sijui kama kupenda huko kunanitetea au kunanishtaki. Nimefurahi miaka hii yote, mwanangu, na nimekuwa nikiona aibu kufurahi.

Nilifikiri niifiche barua hii ndani ya sanduku, uisome ukiwa mbali, mimi niko salama huku. Nimeona huo ni woga mwingine. Ndege yenu inaondoka saa nane mchana. Asubuhi tutakunywa chai barazani, kisha nitakupa karatasi hizi mkononi, uzisome mbele yangu bila haraka, nami nitakaa. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kulia au kunitukana, majirani wamezoea kelele zetu. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, sanduku ni zito, nitakubebea mpaka kwenye pikipiki na sitasema neno.

Hapa chini ningeandika "mama yako", kama nilivyoandika kwenye makaratasi yako yote ya shule. Mkono umekataa. Nimeandika jina nililopewa na wazazi wangu. Hilo jingine ni lako, unipe kesho au usinipe.

Mwamini